Taya na Mlo: Tathmini ya Hoja ya Ulaji wa Mbwa-Rakuni wa Kale wa Laetoli kwa Kuzingatia Ushahidi wa Singida

Jenasi ya Nyctereutes inafahamika leo kupitia mbwa-rakuni, mnyama mwenye asili ya Asia ya Mashariki ambaye hula vyura, panya, wadudu, mizoga na matunda, na ambaye katika nchi za baridi kali hujificha na kusinzia kwa wiki nyingi. Katika kipindi cha Pliosini jenasi hiyo ilienea pia Ulaya na Afrika. Afrika Mashariki imechangia spishi mbili: N. lockwoodi wa Dikika, Ethiopia, aliyeelezwa na Geraads na wenzake mwaka 2010, na N. barryi wa Laetoli, Tanzania, aliyepewa jina na Werdelin na Dehghani mwaka 2011.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu mlo wa kundi hili yamejengwa juu ya visukuku vya Ulaya na China. Spishi kama N. donnezani huonekana kuwa na meno yanayokata zaidi, ilhali N. megamastoides na N. sinensis wana magego mapana ya kusaga na nundu iliyokomaa chini ya taya, karibu na pembe yake. Kutokana na mfuatano huo huhitimishwa kwamba ukoo ulihama kutoka ulaji wa nyama kwenda ulaji mchanganyiko. Kwa upande wa magego hoja hii ina nguvu, kwa sababu uso mpana wa kusaga una kazi inayoeleweka. Kwa upande wa nundu, hoja ni dhaifu kuliko inavyosomwa.

Nundu hiyo ndipo unaposhika msuli unaofungua taya, na inahusishwa na uwezo wa kufungua na kufunga kinywa upesi. Hata hivyo, haimhusu mbwa-rakuni peke yake. Bweha masikio, Otocyon megalotis, anayo. Mbweha wa kijivu wa Marekani anayo pia. Bweha masikio huishi zaidi kwa mchwa. Mbweha wa kijivu hula panya, sungura na matunda. Kiungo kimoja kinapobebwa na wanyama wenye milo tofauti kiasi hicho, hakiwezi peke yake kutaja mlo wa yeyote kati yao. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mnyama wa Laetoli alitafuna kwa namna fulani. Alichotafuna ni swali jingine.

Mkoa wa Singida unatoa mfano unaofaa kupima uzito wa hoja za aina hii. Huko Mahenge, magharibi mwa mji wa Singida (isichanganywe na Mahenge ya Ulanga), mashapo ya ziwa la kasoko yenye umri wa takriban miaka milioni 46 yamehifadhi samaki wengi, akiwemo Singida jacksonoides, pamoja na popo, Tanzanycteris mannardi, aliyeelezwa na Gunnell na wenzake mwaka 2003. Popo huyo alihukumiwa kuwa alisafiri kwa mwangwi kwa sababu kiungo cha ndani cha sikio lake ni kikubwa mno. Hapo pia tabia imesomwa katika mfupa. Tofauti ni kwamba miongoni mwa popo walio hai ukubwa wa kiungo hicho hufuatana na matumizi ya mwangwi, na kazi yake katika kusikia inajulikana. Daraja kati ya mfupa na tendo ni fupi. Kati ya nundu ya taya na tunda, mchwa au chura, daraja ni refu na lina nguzo chache.

Udhaifu wa pili ni kumtumia mbwa-rakuni aliye hai kama kielelezo cha N. barryi. Mnyama wa leo ni wa misitu na vinamasi vya Asia, na sehemu ya mlo wake hufuata haja ya kunenepa kabla ya baridi. Laetoli ya miaka milioni 3.85 hadi 3.63 iliyopita haikuwa na majira hayo. Tabaka zake zimejaa Serengetilagus, jamaa wa sungura, na zimehifadhi pia viota vya mchwa. Mtafiti anayetafuta mlo hana sababu ya kuanzia Asia kabla ya kuuliza nini kilikuwa mezani hapo hapo.

Vipimo vya meno yenyewe vingeweza kukata shauri, ingawa si kirahisi. Isotopu za kaboni katika enameli hutenganisha chakula kinachotokana na nyasi za kitropiki na kile kinachotokana na miti. Lakini mchwa wa nyasi na mnyama mdogo aliyekula nyasi hizo hizo vinaweza kuacha alama zinazofanana. Mikwaruzo midogo ya meno ingesaidia kuvitenganisha, ila Laetoli ilinyeshewa majivu ya volkano, na majivu nayo hukwaruza.

Lugha ya Kiswahili huongeza mtego wake. Tasnifu nyingi hutafsiri Carnivora kuwa "walanyama", na hivyo jina la nasaba hubeba mlo ndani yake. Bweha masikio ni mlanyama kwa ukoo na mla mchwa kwa riziki. Msomaji anapoambiwa kwamba N. barryi ni "mlanyama aliyeacha nyama", sehemu ya hoja imeshaamuliwa na istilahi kabla jino halijapimwa.

Swali lililobaki wazi ni kama magego ya kusaga yalikuja Afrika yakiwa tayari, au yalikomaa hapa hapa. Mashapo ya Wembere-Manonga, yenye umri wa takriban miaka milioni 5.5 hadi 4, yanatangulia tabaka za juu za Laetoli na hayako mbali nazo: maji ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, wilayani Iramba, kisha hupitia mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, na nyanda za Laetoli ziko ng'ambo ya ziwa hilo. Uchunguzi umejikita zaidi upande wa Manonga. Taya moja la Nyctereutes kutoka upande wa Singida, likiwa na magego yake, lingepima hoja hiyo kuliko ulinganisho mwingine wowote na mnyama wa Asia.