Treni ya umeme, bodaboda ya petroli

Kipande cha reli ya kisasa (SGR) kinachoanzia Morogoro kinaishia Makutupora, wilayani Manyoni: kilomita 422 ukijumlisha njia za kupishania. Kwa hiyo reli imeshaingia mkoa wa Singida. Abiria bado. Safari zilizozinduliwa 2024 ziliishia Dodoma, na mwenye kwenda Singida mjini akamalizia kilomita kama 240 kwa basi la dizeli, kisha bodaboda ya petroli hadi mlangoni.

Relini kazi ilifanywa ipasavyo. Umeme wa TANESCO huingia kwenye vituo vya kupoza umeme kandokando ya njia, hushushwa hadi kilovolti 25, halafu hupita kwenye waya wa juu. Treni huunyonya kwa mkono ulio juu ya paa, na mkondo hurudi kupitia reli zenyewe. Treni haina tangi la mafuta, hivyo usafi wake ni usafi wa gridi. Hapo kulikuwa na bahati ya majira: mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kutoa megawati 2,115, uliwashwa Februari 2024, miezi michache kabla ya abiria kuanza kupanda. Gesi asilia nayo bado inabeba mzigo mkubwa. Udhaifu ulijitokeza mapema pia. Shirika la Reli lilipowataja ngedere na ndege kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme, watu walicheka, lakini kiufundi maelezo yalikuwa na mantiki: kiumbe mmoja akigusa waya, treni zote za kipande hicho husimama. Injini ya dizeli haina shida hiyo.

Sasa tushuke stendi. Singida haihitaji mabasi ya mwendokasi. Mji ni mdogo, na kutoka Misuna hadi Mandewa bodaboda inatosha. Hoja ni bodaboda ya aina gani. Pikipiki ya petroli hutumia takriban lita 2.5 kwa kilomita 100, na kila lita hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, yaani karibu kilo 6. Ya umeme hutumia kama uniti 4 kwa umbali huo huo. Hata uniti hizo zote zikitoka kwenye mtambo wa gesi, kwa nusu kilo kila uniti, jumla ni kilo 2. Umeme wa maji ukichangia, jumla inashuka zaidi.

Kikwazo ni betri: bei yake na saa za kuichaji, ambazo dereva anayedaiwa hesabu ya siku hana. Kigali na Nairobi walikitatua kwa kutenganisha vitu viwili. Dereva ananunua pikipiki, kampuni inabaki na betri, na ikiisha chaji anabadilishiwa kwa dakika chache. Singida pangeanzia stendi na sokoni, kwa sababu bodaboda hurudi hapo kutwa nzima. Umeme mkubwa upo: njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita hapa, na nyingine inaanzia hapa kwenda Namanga.

Manispaa inapogawa vibanda vya stendi, itenge basi viwili vya kubadilishia betri, na TANESCO ivipelekee laini yake mapema. Kusubiri treni ya mchongoko ifike Manyoni ndipo tuanze kupanga ni kuchelewa.