Mgeni wa Wimbo wa Tano

Ron Carter alikwisha kuondoka katika kundi la Miles Davis kabla Q-Tip na Phife Dawg hawajazaliwa. Ndiye gwiji wa jazi ambaye vijana hao wa Queens, New York, walimwita studio aje na besi yake ya kusimama, walipokuwa wakitengeneza The Low End Theory. Albamu hiyo ya kundi lao la rap, A Tribe Called Quest, ilitoka Septemba 1991.

Jina lake linasifu sauti za chini, na sauti za chini ni mtihani kwa anayechonga santuri. Noti nzito huutikisa mfereji kwa upana, ikala nafasi ya nyimbo nyingine. Kwa hiyo fundi huiweka besi katikati, isielemee kushoto wala kulia, la sivyo sindano itaruka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Lakini albamu ngapi za rap zimejaza wageni ambao kazi yao ni kupamba jalada tu!

Hapa wenyeji wanajitosheleza kwa nyimbo nne. Besi inayofungua Excursions, wimbo wa kwanza, ni kipande kilichokatwa kutoka rekodi ya Art Blakey, nacho kinazunguka na kujirudia. Katika wimbo wa tano, Verses from the Abstract, Carter anapiga mwenyewe, na tofauti inasikika: kidole cha mtu hakirudii noti vilevile mara mbili. Q-Tip anarap peke yake, Phife kajiweka kando, na Vinia Mojica anaimba kiitikio. Mashine na mkono wa binadamu vimekaa mkeka mmoja, wala hakuna anayemsukuma mwenzake.

Show Business, unaofuata, una wageni wengi zaidi. Ni mzuri, lakini ufundi hasa uko mwisho kabisa, katika Scenario. Karibu na kitovu cha santuri, kila sekunde hupata mfereji mfupi zaidi, na sauti kali huanza kukwaruza. Wao wakaweka huko wimbo wenye fujo kuliko zote, pamoja na kundi la Leaders of the New School. Phife anaanza, Charlie Brown na Dinco D wanafuata, kisha Q-Tip. Ubeti wa mwisho wakamwachia mgeni, Busta Rhymes, ambaye hakuwa amefikisha miaka 20. Anaingia akinguruma, na wenyeji wanabaki kumshangilia.