Jinsia, Usawa na Uendelevu: Istilahi Mbele ya Mkutano wa Kijiji

Imekuwa ada katika makabrasha ya semina na taarifa za miradi kuyakuta maneno haya yamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni: jinsia, usawa, maendeleo endelevu, mazingira yanayobadilika. Mfasiri huyapokea, mwalimu huyafundisha, na hatimaye mtendaji huyasoma mbele ya mkutano wa kijiji. Kwa maoni yetu, istilahi hupimwa mwisho wa safari hiyo. Kwa hiyo tumeonelea tuyapime mahali mahususi, yaani katika nchi ya milima ya Mkoa wa Njombe, kuanzia Makambako, ambako barabara ya Songea huachana na ile iendayo Mbeya, hadi Njombe mjini.

Tuanze na jinsia. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na lilikwisha kuzoeleka kwa maana ya hali ya kuwa wa kike au wa kiume. Baadaye lilitwikwa dhana ya pili, yaani majukumu na madaraka ambayo jamii huwagawia wanawake na wanaume. Na neno jinsi likaachiwa tofauti za maumbile. Mgawanyo huu si mbaya, ila haujafika kijijini. Huko jinsi bado ni neno la namna, kama katika "jinsi alivyolima", na masuala ya jinsia hufahamika kuwa masuala ya wanawake. Hata sera ya taifa ya mwaka 2000 iliitwa Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia, kana kwamba la pili ni mkia wa la kwanza. Mwanamume akisikia mkutano wa jinsia huona haumhusu, ilhali aghalabu yeye ndiye mwenye kauli juu ya shamba.

Kosa lililo kubwa zaidi limo katika neno usawa. Wafasiri wengi hulitumia kwa dhana mbili: kumtendea kila mtu sawasawa, na kumtendea kila mtu kwa haki kulingana na hali yake. Wakulima wa nyanda hizi hulima vinyungu, yaani bustani za mabondeni ambazo kiangazi hutoa mboga, maharage na mahindi mabichi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka mpaka wa mita 60 kutoka kingo za mito, ndani yake zisifanywe shughuli za kudumu wala zile ziwezazo kudhuru hifadhi. Agizo ni moja kwa wote. Basi kuna usawa. Lakini tuchukue mfano wa jirani wawili. Mmoja ana shamba la miti mlimani, alilorithi kwa desturi inayowapendelea wana wa kiume. Mwingine ni mjane ambaye riziki yake ya kiangazi yote ni kinyungu kimoja. Wa kwanza hapotezi kitu, wa pili hupoteza chakula. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwisha kubatilisha desturi zimnyimazo mwanamke ardhi, lakini mtendaji mwenye neno usawa peke yake hana namna ya kueleza kilichompata mjane huyu.

Tunapendekeza neno usawa libaki na dhana ya kwanza, na ya pili ipewe neno insafu, ambalo limo katika hazina yetu kwa maana ya kutenda haki bila upendeleo. Tunakiri kwamba ni neno la pwani zaidi kuliko la bara, na huko Makambako litakuwa mgeni. Lakini mgeni mwenye kazi yake ni bora kuliko mwenyeji anayebebeshwa kazi mbili.

Kuhusu maendeleo endelevu, umbo halina dosari: kama tulivu hutokana na tulia, na sikivu na sikia, ndivyo endelevu lilivyotokana na endelea. Lakini maendeleo nayo yametoka huko huko, na msikilizaji husikia maendeleo yanayoendelea tu. Milima ya Njombe imeona miwati ikipandwa kwa biashara tangu miaka ya 1940, kisha misindano na mikaratusi, na sasa parachichi. Shamba la miti laweza kuendelea miaka 50 huku kijito cha bondeni kikipungua. Kinachotakiwa ni maendeleo yasiyowamalizia wajao, na mfasiri asione haya kuyaeleza hivyo.

Mwisho, mazingira yanayobadilika. Kiswahili kinatofautisha kubadilika na kubadilishwa. Kitenzi cha kwanza hakidai mtenda. Cha pili humfanya msikilizaji aulize: na nani? Pale ambapo mvua imepotoka majira yake, kubadilika panafaa. Pale ambapo bonde limekaushwa au kilima kimepandwa miti ya aina moja, mazingira yamebadilishwa, na mwandishi wa taarifa anayeandika yamebadilika amemficha mtenda, apende asipende.

Hatudai kwamba istilahi itampa mjane shamba. Lakini malalamiko yasiyo na jina hayaingii katika muhtasari wa mkutano, na yasiyoingia katika muhtasari hayafiki wilayani. Kwa hiyo twawaomba wafasiri, kabla ya kuridhia neno, wajiulize mtu wa mwisho atakayelisikia ataweza kulitumia kudai nini.