Tamati ya Samurai Jack: Ushindi Wenye Matanga

Hadithi nyingi tunazowasomea wanafunzi wetu huishia mahali pamoja. Mwema hulipwa wema wake, mwovu hupata adhabu yake, harusi hufungwa, na msimulizi huwaaga wasikilizaji akiwahakikishia kwamba waliobaki waliishi raha mustarehe. Mwisho wa namna hii una haki yake, nasi hatuudharau. Lakini ipo miisho mingine ambayo humpa msikilizaji ushindi kwa mkono mmoja na kumnyang'anya furaha kwa mkono wa pili. Je, mwisho wa aina hiyo ni kasoro ya msanii, au ni ukomavu wake? Swali hili lilitujia darasani kwa njia ambayo hatukuitazamia, nasi twaona yafaa kuwashirikisha walimu wenzetu.

Darasa letu la jioni huwakusanya wanafunzi wa pande zote mbili za mpaka wa Busia, na wachache hutoka Tororo. Wamo Wasamia, Wateso, Wajopadhola na Waluo. Wamo vijana wa sekondari, akina mama wauzao nguo na samaki, na waendeshaji wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lasemekana lilizaliwa papa hapa mpakani. Jioni moja kijana mmoja alileta katika flashi yake filamu ya katuni iitwayo Samurai Jack, akaomba kipindi chake cha mwisho kitumiwe kwa mazoezi ya kusimulia. Tulikubali tukidhani ni mchezo wa watoto. Tulipomaliza, darasa lilikuwa limegawanyika, na mjadala uliendelea hadi taa zikazimwa.

Hadithi kwa ufupi

Samurai Jack ni kazi ya Genndy Tartakovsky, msanii aliyezaliwa Moscow mwaka 1970 na kuhamia Marekani na wazazi wake angali mtoto. Ilianza kuonyeshwa mwaka 2001, ikasimama mwaka 2004 baada ya vipindi 52 bila ya hadithi kufikia kikomo chake. Watazamaji wakangoja miaka mingi. Mwaka 2017 vikatolewa vipindi 10 vya kuifunga, na cha mwisho kilionyeshwa tarehe 20 Mei mwaka huo.

Shujaa ni mwana wa mfalme wa Japani. Tangu utotoni alipelekwa nchi mbalimbali, miongoni mwa Waafrika, Waarabu, Wamisri, Wagiriki na wengineo, ajifunze kupigana, apate kumwangamiza Aku, jini abadiliye maumbo ambaye jina lake kwa Kijapani lina maana ya uovu. Siku alipokaribia kumshinda, Aku alifungua mlango wa wakati na kumtupa katika zama za mbele sana, ambako uovu umekwisha kutawala ulimwengu wote. Huko vijana asiowajua ndio wanaomwita Jack. Jina alilopewa na wazazi wake hatulisikii kamwe. Azma yake ni moja tu: kurudi alikotoka, amuue Aku kabla dhuluma haijaenea.

Katika sehemu ya mwisho imepita miaka 50. Jack hazeeki, lakini moyo wake umezeeka. Amepoteza upanga wake siku aliyoua kwa hasira viumbe wasio na hatia, na mizimu ya wazazi wake humjia ikimlaumu. Ndipo anapokutana na Ashi, mmoja wa mabinti saba wa Aku waliolelewa kwa ukatili ili wamuue. Dada zake wote wanakufa. Yeye anabaki, anaufahamu ukweli, anageuka kuwa rafiki, kisha mpenzi. Mwishoni inadhihirika kwamba Ashi amerithi nguvu za baba yake. Kwa nguvu hizo hizo anaufungua mlango wa wakati na kumrudisha Jack nyumbani. Aku anauawa. Matayarisho ya harusi yanafanywa. Bibi harusi akiwa njiani kumwendea mumewe anaanguka, kwa sababu kama Aku hakuwahi kutawala zama zile, basi na binti yake hakuwahi kuzaliwa. Anatoweka mikononi mwa Jack, na nguo ya harusi inabaki tupu.

Kisha Jack anakwenda peke yake msituni, anaketi chini ya mti. Mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi anatua mkononi mwake. Anamtazama, anatabasamu kidogo, anamwacha aruke. Rangi ya maua inaujaza msitu uliokuwa wa kijivu, na hadithi imekwisha.

Maneno ya watazamaji

Kijana aliyeileta filamu alikasirika. Alisema ameingoja tangu akiwa darasa la pili, na sasa ameibiwa. Wengi ulimwenguni walisema vivyo hivyo mwaka ule wa 2017, ingawa wengine wengi waliusifu mwisho huo na kukiri kwamba walilia. Kiu ya mwisho mwingine haikufa: mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2020 ulificha ndani yake tamati ambamo Ashi hapotei.

Muuza samaki mmoja aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu upesi: "Mwalimu, huyu ameshinda nini hasa? Adui kafa, lakini nyumba haina mtu." Mwendesha bodaboda akamjibu kwamba wazazi wake wamepona na nchi yake imepona, na mwanamume hawezi kuwa na kila kitu. Mama yule akasema, "Sikuuliza kuhusu nchi, mwanangu. Nimeuliza kuhusu yeye."

Wa tatu, msichana kutoka Tororo, aliona jambo ambalo sisi tulikuwa hatujaliona. Alisema si Ashi peke yake aliyepotea. Marafiki wote waliokuja kumwokoa Jack katika vita vya mwisho, yule mpiganaji Mskoti aliyekwisha kufa akaja kama mzuka, mabinti zake, wapiga mishale, na wengine waliowahi kusaidiwa naye, wote ni watu wa zama ambazo hazitatokea tena. Waliitoa nafsi yao kumsaidia mtu ambaye ushindi wake ungewafuta.

Kwanza tulijaribu kuwatuliza kwa methali: baada ya dhiki faraja. Muuza samaki alicheka, akatukumbusha kwamba iko nyingine: hakuna masika yasiyo na mbu.

Uzani wetu

Kasoro zipo, nasi tusizifiche. Ya kwanza ni haraka. Vipindi 10 vilikuwa vichache kwa mzigo uliotwikwa, na cha mwisho kinadumu dakika zipatazo 22 tu. Ndani ya dakika hizo mna vita, ungamo la mapenzi, safari ya wakati, kifo cha Aku, harusi na msiba. Aku, ambaye tumemwogopa kwa vipindi 60 na zaidi, anakufa mnamo muda mfupi kuliko ule tunaoutumia kuita majina darasani. Mapenzi ya Jack na Ashi nayo hayakupewa nafasi ya kukua. Tunaambiwa yapo, nasi yatupasa kuamini.

Ya pili ni ya mantiki. Ikiwa kifo cha Aku chamfuta Ashi, mbona hakupotea papo hapo, bali alingoja hadi siku ya harusi? Wanafunzi wetu walilishika jambo hili mara moja, na hawakukosea. Sababu tunayoiona ni ya kisanaa na si ya kimantiki: msanii alitaka nguo ya harusi. Msomaji mkali ana haki ya kuona mkono wa fundi ukivuta kamba.

Hata hivyo, hizo ni kasoro za mwendo. Mwisho wenyewe, kwa maoni yetu, umesimama juu ya msingi wa hadithi tangu mwanzo wake. Tangu kipindi cha kwanza Jack anapigania zama zile zisiwepo. Kila rafiki aliyempata huko amempata katika nchi aliyokusudia kuifuta. Hadithi ilikuwa na deni hilo siku zote, na mwishoni deni limelipwa. Laiti Ashi angebaki, tungalifurahi sana usiku ule, kisha asubuhi tukajiuliza gharama imekwenda wapi.

Lipo pia jambo la kimya. Katika vibanda vya video vya upande wa Uganda, mfasiri hukaa na kipaza sauti akiieleza filamu kwa Kiganda. Upande wa Kenya, DJ Afro amejipatia sifa kwa kuzisimulia filamu kwa Kiswahili cha mitaani. Na Watanzania wanamkumbuka Lufufu. Sanaa hii twaiheshimu, maana imewafungulia filamu watu wengi. Lakini mandhari ile ya mwisho haina neno hata moja. Darasani kwetu hapakuwa na mfasiri, na hakuna aliyethubutu kusema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mwalimu wa fasihi afaa kuwaonyesha wanafunzi kwamba kutosema nako ni fani.

Katika fasihi yetu wenyewe

Asifikiri mtu kwamba mwisho wa namna hii umetujia na katuni kutoka ng'ambo. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa asiyeshindwa na jeshi anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe wa kumzaa. Anakufa amepiga goti kando ya kisima, upinde mkononi, na watu wanamwogopa maiti wakidhani yu hai. Mwana hakufaidi ahadi alizopewa. Naye aliugua akafa. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, shujaa aliye kifungoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa anajua yamewaua watu wake, maana neno lile litawafaa watakaozaliwa baadaye. Huo nao ni ushindi wenye matanga. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo kwa muda ilizuiwa mashuleni, haikumwachia msomaji hata tabasamu la Jack.

Upande wa pili tunaye Shaaban Robert. Katika Kusadikika, ya mwaka 1951, Karama anashinda kesi yake na wajumbe waliofungwa wanaachiliwa. Hatusemi mmoja ni bora kuliko mwingine. Kusadikika yatufundisha kutumaini haki. Kinjeketile yatufundisha kuhesabu bei yake. Mwanafunzi aliyelishwa aina moja tu amenyimwa nusu ya fasihi.

Ungamo

Hapa hatuna budi kujisema. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri, malori ya mizigo yakiachwa yapite. Kituo cha pamoja cha Busia kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018 ili kurahisisha uvukaji kikawa ni mahali pa kutazamana. Baadaye mwanafunzi wetu mmoja aliandika insha juu ya bibi yake, aliyefariki na kuzikwa ng'ambo ya pili, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu, naye asivuke. Insha iliishia pale pale: mpaka ulifunguliwa, akavuka, akakuta nyasi zimeota juu ya kaburi. Basi. Sisi tukachukua kalamu nyekundu, tukaandika pembeni: "Mwisho haujakamilika. Ongeza funzo." Tukampunguzia alama.

Mwanafunzi huyo alikuwamo darasani jioni ile ya Samurai Jack. Hakusema lolote katika mjadala. Wenzake walipoondoka alituuliza kwa adabu, "Mwalimu, na hii nayo ingehitaji kuongezewa funzo?"

Tulimwomba aturudishie insha yake, tukaisoma upya. Mpaka ulifunguliwa: hiyo ndiyo faraja. Nyasi zimeota: hiyo ndiyo bei yake. Hapakuwa na la kuongeza. Tulifuta maneno yetu, tukamrudishia alama zake, na tulimwambia kwamba aliyekosea ni mwalimu.

Walimu wenzetu, mitihani yetu hupenda insha ifungwe kwa methali na nasaha, na wanafunzi hujifunza upesi kutupa tunachokitaka. Twapendekeza jambo dogo. Wapeni wanafunzi hadithi iliyokatwa kabla ya tamati, waandike miisho miwili: mmoja wa raha mustarehe, mmoja wenye ushindi na msiba pamoja. Kisha waulizwe ni upi uliostahiliwa na hadithi ile, na kwa ushahidi gani. Darasani kwetu tumelifanya zoezi hili mara mbili. Muuza samaki, tuliyedhani atautetea msiba, aliandika mwisho wa furaha kuliko wote. Tulipomuuliza sababu, alisema kwamba msiba anaujua tayari. Alitaka kujaribu kalamu yake kwa kitu asichokijua.