Ukuta Unaotii Uzi

Santa Catarina Palopó ni mji mdogo wa Wamaya wa Kaqchikel, umejibanza kwenye mteremko juu ya Ziwa Atitlán, nchini Guatemala. Nyumba zake nyingi ni za matofali ya saruji, na kwa miaka mingi zilibaki na kijivu chake. Miaka ya 2010 wakazi wakaanza kuzipaka buluu, zambarau na kijani, na juu yake wakachora vipepeo, ndege, mahindi na volkano. Michoro hiyo imetoka kwenye huipil, blauzi wanayoifuma na kuivaa wanawake wa hapohapo.

Utamu wa kuta hizi huwezi kuupata kabla ya kumtazama mfumaji. Amepiga magoti chini, wala hana kitanda cha mfumi chenye miguu. Mtande wake umefungwa upande mmoja kwenye nguzo au mti, na upande wa pili kwenye mkanda unaomzunguka kiunoni. Akiinama, nyuzi hulegea. Akirudi nyuma, hukaza. Huinua nyuzi kwa kijiti, akapitisha mshindio, akaushindilia kwa ubao mwembamba. Panapohitajika pambo huchomeka kwa vidole uzi wa ziada wenye rangi, huku akihesabu mtande kichwani. Hesabu ikipotea, hufumua. Kitambaa hakiwezi kuwa kipana kuliko mikono yake inavyofika, ndiyo maana huipil huungwa kwa vipande. Nguo moja yaweza kumla miezi.

Sasa, nyuzi hukatana kwa pembe mraba, kwa hiyo mduara haupo. Bawa la kipepeo hupanda kwa vidaraja, kama mapambo ya mkeka wa miyaa. Mchoraji hafungwi na sharti hilo, maana brashi hupinda itakavyo. Hapo ndipo ninapowavulia kofia mafundi wa Palopó: hawakupindisha. Walikata violezo wakaviacha vidaraja vilevile, bawa la urefu wa kidole likawa la urefu wa mkono, na aliyezoea kufuma bado anaweza kulihesabu.

Kila familia huchagua rangi na michoro yake. Wapo watakaonung'unika kwamba buluu ile si ya asili. Kweli, huipil za zamani za mji huu zilikuwa nyekundu zaidi, na buluu ilishika baadaye. Wafumaji wenyewe ndio waliobadilisha rangi, tena bila kuomba ruhusa. Na kama kuta zinawavuta watalii, sioni ubaya. Mfumaji naye anauza.

Kazi ngumu kuliko zote nadhani ni madirisha. Huipil ina tundu la shingo, na mfumaji analijua tangu anapotanda uzi. Ukuta una mlango, dirisha na nyaya za umeme, na vyote vilitangulia kabla ya mchoraji. Lazima apime kwanza katikati, agawe nafasi kwenda pembeni, ndipo ashike rangi. Akianza tu kutoka kona, juu ya mlango atabakiwa na nusu ya ndege.