Radio Bikini: Maandiko Mbele ya Kamera

Filamu ya Robert Stone, Radio Bikini (1988), yatupasa sisi wahubiri. Mwaka 1946, Jumapili baada ya ibada, Ben Wyatt wa jeshi la wanamaji la Marekani aliwafananisha watu 167 wa Bikini na wana wa Israeli, akiwataka wahame ili mabomu ya atomiki yajaribiwe. Chifu Juda akajibu kwamba yote yamo mikononi mwa Mungu. Stone aonyesha tukio hilo likirudiwarudiwa kwa ajili ya kamera. Hahubiri, bali afunua. Lakini Israeli walitolewa utumwani. Hawa walitolewa kwao, wakaona njaa kisiwani Rongerik. Kufikia 1958 Bikini ilikuwa imelipuliwa mara 23. Anayetumia habari ya Kutoka na aulizwe kwanza: Farao ni nani?