Ua la Wiki Mbili Darasani

Mwalimu akipanda alizeti koponi, atasubiri takriban miezi miwili kuliona ua. Mbegu zinapokomaa, muhula umeshafungwa na wanafunzi wako likizo.

Aliyelitatua hilo hakuwa akifikiria shule. Paul Williams, mtaalamu wa magonjwa ya mimea katika Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, alikuwa akitafuta kinga ya magonjwa katika ukoo wa kabichi, na kungoja kila kizazi kulimchelewesha. Akapanda mbegu za ukoo huo zilizotoka pande nyingi za dunia, akateua mimea iliyotangulia kuchanua, akaichavusha baina yake, kisha akarudia kizazi baada ya kizazi. Alitaka pia mimea mifupi, inayovumilia kubanana, yenye mbegu zinazoota mara tu zikivunwa. Mmea mmoja alioupata ni *Brassica rapa*, spishi moja na chainizi ya sokoni. Huchanua maua ya njano siku 14 hivi baada ya kupandwa. Ikifika siku ya 40 mbegu mpya ziko tayari.

Vifaa vya kuuotesha darasani ni vya kuokoteza. Vikopo vya filamu za kamera vilitobolewa chini na kupitishwa utambi unaonyonya maji, hivyo mimea haikufa kiu wikiendi. Taa ndizo haziepukiki: tyubu huwaka saa 24, karibu kabisa na majani. Mmea ukiachwa dirishani hurefuka, hudhoofika, na kalenda yote huvurugika.

Uhondo wenyewe uko kwenye uchavushaji. Mmea huu huikataa chavua yake mwenyewe, na nyuki hawaingii darasani. Basi nyuki aliyekwisha kufa hukaushwa, kifua chake chenye manyoya kikagandishwa kwa gundi kwenye kijiti cha meno. Mwanafunzi hukisugua kwenye ua hili, kisha kwenye ua la mmea wa jirani. Anayezembea hapo huvuna maua ya kupendeza tu, mbegu hapati. Hakuna mchoro ubaoni unaoeleza kazi ya nyuki vizuri hivyo.

Shule isiyo na umeme wa uhakika isiige kalenda ya Wisconsin. Iache chainizi kadhaa bustanini bila kuchumwa. Zitakawia zaidi, lakini ua ni lilelile la petali nne. Muhimu usiachwe mmea mmoja peke yake, maana utakosa wa kubadilishana nao chavua.